Historia ya Programu Zinazotengenezwa Mbali na Mashine Zake

Mwezi wa Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilikutana katika mji wa Musoma, ambao Nyakato ni mojawapo ya kata zake, ikatoa azimio lililochukua jina la mji wenyewe. Azimio la Musoma liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwamba kijana amalizaye sekondari atangulie kwenda kazini kabla ya kuingia chuo kikuu, ili maarifa ya vitabu yasifarakane na kazi ya mikono. Mwaka huohuo, serikali ya Tanzania, iliyoongozwa na mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Na mwaka huohuo tena, ng'ambo ya bahari, kampuni ya Intel ilianza kuuza chipu iliyoitwa 8080, ambayo kwa udogo wake na bei yake ilifungua zama za kompyuta zinazoweza kuwekwa juu ya meza ya mtu wa kawaida. Hapana aliyepanga mambo hayo yakutane. Hata hivyo, mtu atakaye kuelewa kwa nini leo kompyuta ndogo zimefika mkoani Mara kwa wingi, ilhali ufundi wa kuzitengenezea programu haujafika kwa kadiri hiyo, hana budi kuanzia hapo.

Marufuku ile haikuzuka bila sababu. Mwaka 1965 Wizara ya Fedha ilipokea ICT 1500, kompyuta iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, na miaka michache baadaye Hazina ikataka kuzikabidhi hesabu za serikali kwa mashine kubwa zaidi. Lakini waendeshaji walikuwa wachache, wataalamu aghalabu walikuwa wageni, hesabu zikavurugika, na fedha za kigeni, ambazo zilikuwa adimu, zikatumika bila faida iliyotarajiwa. Serikali ya nchi maskini iliyoyaona hayo haikukosa haki ya kufunga mlango, na mimi siwezi kuilaumu. Hasara ilikuwa mahali pengine, mahali ambapo wakati ule hapakuonekana: katika miaka ambayo mlango ulikuwa umefungwa, ukifunguliwa kidogo tu kwa kibali, hadi marufuku ilipoondolewa katika miaka ya 1990, ndipo walimwengu walipoizoea sanaa ya kutumia mashine kubwa kuzaa programu za mashine ndogo, na kizazi kizima cha Watanzania werevu kikapitwa na sanaa hiyo.

Sanaa yenyewe ni hii. Kichakataji cha kompyuta hakifahamu lugha aiandikayo mwanadamu. Hufahamu amri zake tu, ambazo ni tarakimu tupu, na amri za kichakataji cha aina moja si amri za kichakataji cha aina nyingine. Kwa hiyo pana programu iitwayo kompaila, ambayo huchukua maandishi ya mwandishi wa programu na kuyafasiri yawe amri za mashine. Desturi ni kompaila kufanya kazi ndani ya mashine ileile itakayoendesha programu. Lakini ikiwa mashine hiyo ni ndogo mno, haina kumbukumbu ya kutosha, wala kioo, wala kibodi, mwandishi huketi mbele ya mashine kubwa na kuiamuru kompaila itoe amri za kichakataji kingine kabisa, kilicho mbali. Ni kazi ya mshonaji amshoneaye mtu aliye safarini kwa vipimo vilivyoletwa kwa barua: vipimo vikiwa sahihi nguo itamkaa, na vikikosewa kwa inchi moja kosa halitajulikana mpaka siku atakapoivaa.

Mfano ulio bora kuliko yote ya zamani ulitokea mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko New Jersey, Marekani. Ken Thompson alikuwa ameandika mchezo wa kusafiri miongoni mwa sayari, akauendesha katika kompyuta kubwa ya General Electric. Mchezo ukasumbua kwa kugugumia, na fauka ya hayo kila mara alipoucheza muda wa mashine uligharimu takriban dola 75. Akatafuta mashine nyingine, akaikuta PDP-7 iliyokuwa haitumiki sana, ndogo, yenye maneno 8,000 hivi ya kumbukumbu lakini yenye kioo kizuri. PDP-7 haikuwa na vifaa vya kuandikia programu za namna ile, basi yeye na mwenziwe Dennis Ritchie wakaziandika programu katika mashine kubwa, mashine kubwa ikazifasiri ziwe amri za PDP-7 na kuzitoboa juu ya utepe wa karatasi, kisha utepe ukachukuliwa kwa mkono hadi kwenye mashine ndogo ili ujaribiwe. Kosa likionekana, mtu hurudi kwenye mashine kubwa, husahihisha, hutoboa utepe mwingine, huuchukua tena.

Kwa njia hiyo ya taabu ndivyo mfumo endeshi wa Unix ulivyozaliwa. Tepe zilichukuliwa huku na huko mpaka PDP-7 ilipopata kiini cha mfumo, programu ya kuhariri maandishi, programu ya kufasiri, na akali ya programu ndogo za kunakili na kufuta mafaili. Na tangu siku hiyo haikuhitaji tena utepe kutoka nje, kwa kuwa ilikwisha kuweza kujitengenezea programu zake yenyewe. Nimekaa sana juu ya kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jambo ambalo vitabu vingi hulipita mbio: mashine ndogo ilijitegemea baada ya kulelewa na mashine kubwa kwa muda, wala hapakuwa na aibu yoyote katika malezi hayo.

Baada yao walikuja wengi. Gary Kildall, mwalimu katika chuo cha wanamaji huko Monterey, California, aliitengenezea Intel kompaila ya lugha ya PL/M ambayo ilifanya kazi katika kompyuta kubwa na kutoa amri za chipu ndogo. Mapema mwaka 1975 Bill Gates na Paul Allen waliandika lugha ya BASIC kwa ajili ya kompyuta ya Altair 8800 ilhali hawajapata kuigusa Altair yoyote: Allen aliandika, ndani ya PDP-10 ya Chuo Kikuu cha Harvard, programu ya kuiga chipu ya 8080, na juu ya mwigo huo wakaijenga na kuijaribu kazi yao yote. Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque na utepe mfukoni, akakumbuka angani kwamba hawakuandika programu fupi ya kuuingiza utepe ndani ya mashine, akaiandika palepale ndegeni kabla ya kutua. Kazi iliyofanywa mbali ikakubali mara ya kwanza, na kampuni ya Microsoft ikaanzia hapo.

Mwaka 1987 Richard Stallman alitoa kompaila iitwayo GCC, akaitoa huru, ili kila mtu aichukue, aisome, aibadilishe na kuwapa wengine. Kwa maoni yangu hilo ndilo tukio kubwa kuliko yote katika historia hii kwa upande wa watu maskini. Kabla ya hapo, kompaila ya kutoa amri za mashine nyingine ilikuwa bidhaa ya kununua, na bei yake aghalabu ilizidi bei ya mashine yenyewe. Baada ya hapo, kwa kazi ya watu wengi walioipanua mwaka hadi mwaka, chombo kimoja kikaweza kutoa amri za vichakataji vya aina chungu nzima. Mwanafunzi wa Musoma aichukuaye leo hupata chombo kilekile watumiacho wahandisi wa kampuni tajiri, si toleo lililopunguzwa.

Mashine nazo zilikuwa zikibadilika. Huko Cambridge, Uingereza, kampuni ya Acorn ilianza mwaka 1983 kubuni kichakataji kipya chini ya Sophie Wilson na Steve Furber, na tarehe 26 Aprili 1985 chipu ya kwanza ya ARM ikawashwa, ikafanya kazi. Furber husimulia kwamba alipotaka kupima umeme ulioliwa na chipu hiyo, kipimo kilionyesha sifuri, kwa sababu waya wa umeme wake haukuwa umeunganishwa. Chipu ilikuwa inaishi kwa umeme uliopenya kutoka katika sehemu nyingine za bodi. Kwa watu wanaotegemea paneli ya sola na betri, tabia hiyo ya kuridhika na umeme haba ni neema, na ndiyo iliyoipeleka ARM ndani ya simu zetu na, hatimaye, ndani ya Raspberry Pi.

Raspberry Pi ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012: bodi moja yenye ukubwa wa kitambulisho, kichakataji cha megahezi 700, kumbukumbu ya megabaiti 256, kwa bei ya dola 35. Ilipotoka pakazuka tatizo la vipimo. Toleo la Debian, mfumo wa jamii ya Linux, lililotumia kikamilifu uwezo wa kukokotoa desimali lilikuwa limekompailiwa kwa kizazi cha saba cha ARM, ilhali chipu ya Pi ilikuwa ya kizazi cha sita. Na toleo la zamani lililoifaa Pi liliuacha uwezo huo bila kazi, hesabu zikawa za polepole. Mike Thompson na Peter Green wakaamua kukompaili upya maelfu kwa maelfu ya programu za Debian kwa vipimo sahihi vya chipu ile, wakitumia bodi nyingine za ARM zenye nguvu zaidi, na kufikia Juni 2012 walikuwa wamekamilisha vifurushi zaidi ya 35,000. Kazi hiyo ikaitwa Raspbian. Kila aliyewasha Pi katika miaka iliyofuata na kuiona inakwenda upesi alikula matunda ya jasho la watu wawili hao na wasaidizi wao.

Sasa tumtazame kwa karibu kijana wa Nyakato aliye na kompyuta ya mpakato na bodi ya Pi Zero, atakaye kutengeneza programu ya kusoma kipimajoto. Akiandika kwa lugha ya C na kukompaili ndani ya mpakato wake kwa njia ya kawaida, kisha akanakili faili kwenye kadi ya kumbukumbu na kuipeleka kwenye bodi, Pi itaikataa na kusema kwamba umbo la faili halifai kutekelezwa. Nayo ina haki, maana amri zilizomo ni za kichakataji cha mpakato. Amri ya "file" ingalimwonyesha hilo kabla ya kuhangaika. Akiisha kujua, atapakua kompaila iitwayo arm-linux-gnueabihf-gcc, atakompaili tena, na hapo aweza kukutana na jambo la kushangaza zaidi: programu inaanza, kisha inaanguka kwa ujumbe wa amri isiyo halali. Sababu ni ileile iliyowataabisha Thompson na Green: kompaila hiyo, itokapo katika hazina za Debian na Ubuntu, imezoezwa kutoa amri za kizazi cha saba, na Pi Zero, ingawa ilitoka Novemba 2015, ina chipu ya kizazi cha sita kama Pi ya kwanza. Programu hiyohiyo ingekwenda vizuri katika Pi 2 au Pi 3.

Pana na mtego mwingine, na huu umewakatisha wengi tamaa. Faili lipo, analiona kwa macho, jina lake limeandikwa sawasawa, lakini akiliita mashine humjibu kwamba hakuna faili la jina hilo. Lisilokuwepo si programu yake bali ni kipakizi, programu ndogo ya mfumo inayounganisha programu na maktaba zake kabla haijaanza, ambayo imetajwa ndani ya faili kwa njia isiyopatikana katika bodi ile. Kadhalika, mpakato wenye mfumo mpya hutoa programu idaiyo maktaba ya C ya toleo jipya, na bodi yenye mfumo wa zamani haina. Dawa yake ni kunakili kutoka katika bodi maktaba zake na vichwa vya maktaba hizo, kuviweka katika saraka moja ya mpakato, na kuiamuru kompaila itazame humo tu, isitazame maktaba za nyumbani kwake. Fundi aliyefanya hivyo mara moja huwa ameelewa kiini cha kazi nzima.

Huenda msomaji akauliza kwa nini kijana huyo asikompaili ndani ya Pi yenyewe. Kwa programu ndogo aweza, na ni vema aanzie hapo. Lakini kiini cha Linux, ambacho kompyuta nzuri ya mezani hukikompaili kwa dakika, kiliweza kuishughulisha Pi ya kwanza kwa saa nyingi, usiku kucha. Na ziko mashine ambazo hapana kabisa njia ya kukompaili ndani yake.

Mashine za namna hiyo zilihusika katika kazi moja kubwa iliyofanywa na watu wa Afrika Mashariki wenyewe. Sisi tuishio kando ya Ziwa Victoria tunajua kwamba mvua zake za radi hupenda usiku: nchi kavu hupoa, upepo huteremka kutoka pande zote kuelekea majini, hewa yenye joto na unyevu juu ya ziwa husukumwa kwenda juu, na ngurumo hufuata. Na usiku ndio wakati wavuvi wa dagaa wanapokuwa ziwani na taa zao. Utabiri wa hali hiyo hutaka vipimo kutoka mahali pengi, ilhali vituo vya hali ya hewa ni vichache, Musoma kikiwa kimojawapo, na vituo vya kujiendesha vitokavyo nje ni ghali kuvinunua na ni vigumu kuvitengeneza vikiharibika.

Mwaka 2013 ulianza mradi ulioitwa WIMEA-ICT, uliounganisha Chuo Kikuu cha Makerere, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Juba na Chuo Kikuu cha Bergen, kwa fedha za Norway, na miongoni mwa kazi zake ilikuwa kubuni kituo cha hali ya hewa kinachoweza kujengwa na kutunzwa hapa kwetu. Dkt. Julianne Sansa-Otim aliongoza upande wa Makerere. Kituo chao hakikuwa mashine moja bali jamaa ya mashine: moja juu ya mlingoti wa mita 10 ikipima upepo, moja kwenye mita 2 ikipima joto na unyevu, moja chini ikipima mvua na udongo, zote zikipeleka habari kwa redio hadi mashine ya kupokea, na kutoka hapo hadi lango lililozirusha mtandaoni; katika mitambo ya majaribio lango hilo lilikuwa Raspberry Pi.

Vipimaji vile vilitumia chipu yenye kumbukumbu ya kazi ya kilobaiti 32 tu, na mfumo endeshi wa Contiki uliobuniwa na Msweden Adam Dunkels kwa ajili ya mashine za kadiri hiyo. Kompaila haiwezi kuishi ndani ya kilobaiti 32. Kila mstari wa programu za vituo hivyo, tangu wa kusoma kipimamvua hadi wa kulaza redio ili betri isiishe, sharti ukompailiwe kwenye kompyuta kubwa, kisha umiminwe ndani ya chipu kwa waya. Waandishi wa programu walipoona kituo kimenyamaza, waliweza kuyafungua maandishi yao, kuyasahihisha na kuyakompaili upya, bila kumwandikia mtu barua ng'ambo. Hilo naliona kuwa mafanikio yenye thamani kuliko vituo vyenyewe.

Karibu zaidi nasi, katika Pori la Akiba la Grumeti, lililo upande wa Bunda na Serengeti ndani ya mkoa huu wa Mara, shirika la RESOLVE lilijaribu kamera za kuvizia majangili ziitwazo TrailGuard, na majaribio yakasaidia kukamatwa kwa majangili 30. Kamera za awali hazikuweza kupambanua mtu na mnyama. Mwezi wa Januari 2019 likatangazwa toleo jipya lenye chipu ya Intel iitwayo Movidius Myriad 2: kamera hulala, huamshwa na mjongeo, huitazama picha yenyewe, na hutuma ile tu iliyo na mtu au gari, hata betri yake ikatazamiwa kudumu mwaka mmoja na nusu. Maarifa hayo hayakujifunziwa porini. Yalifundishwa kwa maelfu ya picha katika kompyuta kubwa za mbali, kisha yakafasiriwa na kukazwa yaenee ndani ya chipu ndogo. Ni sanaa ya Ken Thompson na tepe zake, ila kilichosafirishwa sasa ni uwezo wa kutambua.

Nazifurahia kamera hizo, na aliyezileta Grumeti ametutendea wema. Lakini kati yazo na vituo vya Makerere na Dar es Salaam pana tofauti ambayo sipendi ifichwe. Mnyama mpya akianza kuikosesha kamera, au wavuvi wakitaka ifundishwe kutambua mitumbwi, mabadiliko yatafanywa mahali penye mashine kubwa, maandishi na vipimo vya chipu, na mahali hapo si Mara. Kuwa na bodi ndogo elfu moja hakumfanyi mtu awe mtengenezaji maadamu hana mkononi mwake chombo cha kuzizalia programu.

Nao wakati wa kukipata ni sasa. Mkoa una Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere huko Butiama, una shule za ufundi, na una vijana wa Nyakato, Nyasho na Bweri ambao huzifungua simu zilizokufa na kuzifufua. Nawaomba wakuu wa vyuo na shule hizo kwamba, wanunuapo bodi ndogo kwa ajili ya maabara zao, wasiishie kumfundisha mwanafunzi kuziwasha na kuandika Python ndani yake, bali wampe mpakato mmoja, kompaila ya GCC ambayo haina bei, na kipimajoto, wamwambie aandike kwa C, akompaili kwa ajili ya chipu isiyo mbele yake, na asipewe alama mpaka kipimajoto kisomeke. Na kijana asiye na chuo asisubiri: Linux, kompaila na maelezo yake vyote hupakuliwa bure, na chipu ndogo ya kujifunzia hupatikana Kariakoo, Dar es Salaam, kwa fedha isiyozidi nauli ya basi kutoka Musoma.